Kifaru si kila gari la chuma

Juzi barazani, Mji wa Kale hapa Mombasa, kijana mmoja alitutolea simu yake. Picha ilikuwa ya gari la polisi, matairi manene, vioo vimefunikwa nyavu. "Ami, tazama kifaru!" Kahawa ikapoa vikombeni tukibishana.

Dhana: kila gari la mabamba ya chuma ni kifaru.
Ukweli: kifaru huenda kwa minyororo ya chuma badala ya matairi, na juu yake pana kichwa kizito kinachozunguka, chenye mzinga. Lile la polisi ni gari la deraya. Deraya ni vazi la chuma la wapiganaji wa kale, neno tulilopata kwa Waarabu. Na hata gari likiwa la minyororo, kama kazi yake ni kubeba askari tu, bado si kifaru.

Dhana: tumetafsiri jina la Kizungu.
Ukweli: Waingereza wenyewe hukiita tangi! Walipokuwa wakikiunda huko Lincoln mwaka 1915, walihofia siri kuvuja, basi wakakipa jina ambalo mpita njia akilisikia atadhani ni vyombo vya maji. Kiliingia vitani Septemba 15, 1916, huko Somme, Ufaransa. Siri ikaisha, jina likabaki. Mswahili yeye aliona mnyama: ngozi nene, pembe mbele, na akija humngoji njiani. Kwangu jina letu limelenga zaidi. Hapa Mombasa ukisema tangi, mtu hutazama juu ya paa kama maji yamekuja.

Dhana: "kifaru amepita" na "kifaru kimepita" ni mamoja.
Ukweli: wa kwanza anakula majani, cha pili kinakunywa dizeli.

Dhana: vifaru ni habari za bara, sisi Wapwani ni watu wa manowari.
Ukweli: Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli Faina, ndani yake vifaru 33 aina ya T-72. Ilipoachiwa Februari 2009 ilikuja kutia nanga papa hapa bandarini Kilindini. Serikali ilisema shehena ni ya Kenya. Wengi walisema ilikuwa ikienda Sudan Kusini. Ama hilo neno manowari tunalojivunia, ndilo hasa lililotoka kwa Waingereza, "man-of-war", tukalipinda kwa ulimi wetu hadi likasahau kwao.