Uelekezaji wa maombi na muamala katika skripti ya seva ya SIP

Skripti ya seva ya SIP (itifaki ya kuanzisha na kukata simu za mtandaoni), kama zile za programu za Kamailio na OpenSIPS, haiendeshwi mara moja kwa kila simu. Huendeshwa upya kwa kila ombi linaloifikia seva. Mambo mengi yanayowatatiza wanaoanza hutokana na kulisahau hilo.

Tuchukue ofisi ya wauza dagaa iliyopo Kirumba, Mwanza, yenye tawi Nansio, kisiwani Ukerewe. Karani wa Kirumba akipiga namba ya Nansio, simu yake hutuma ombi la INVITE, yaani la kuanzisha simu, nalo huingia katika request_route, sehemu kuu ya skripti, ambamo skripti hukagua kama mpigaji anatambulika na kutafuta mahali ilikosajiliwa namba anayoitaka. Uamuzi huo ndio uelekezaji. Kisha amri ya t_relay() hulipeleka ombi mbele na skripti ikafikia tamati, ingawa kule Nansio simu haijaanza hata kuita.

Kinachobaki katika kumbukumbu ya seva ni muamala, yaani ombi moja pamoja na majibu yake yote, ya muda kama 180 (simu inaita) na lile la mwisho. Seva huutambua hasa kwa kigezo cha branch kilichomo katika Via (kichwa cha ujumbe kinachoonyesha njia uliyopitia), ambacho kwa mujibu wa RFC 3261 ya mwaka 2002, waraka unaofafanua SIP, huanza na z9hG4bK. Mtandao wa kuvuka ziwa unaposuasua na ujumbe unasafiri kwa UDP (njia isiyohakikisha kwamba ujumbe umefika), seva yenye muamala humjibu mpigaji kwa 100 (ombi linashughulikiwa) ili simu yake iache kurudia ombi, kisha yenyewe hubeba kazi ya kulirudia kuelekea Nansio, kwa kawaida ikianza baada ya milisekunde 500. Ukitumia forward() badala ya t_relay(), hakuna kinachokumbukwa.

Faida kubwa zaidi ya muamala ni failure_route, sehemu ya skripti inayoendeshwa simu isipofanikiwa. Ukiiandaa kwa t_on_failure() kabla ya t_relay(), Nansio ikirudisha 486 kwa kuwa laini inatumika, au isipopokea, skripti hupewa tena lile ombi la awali (si jibu, jambo ambalo wengi hulikosea) na inaweza kulielekeza kwa msimamizi. Lakini fr_inv_timer ya Kamailio (muda wa kusubiri jibu la mwisho simu ikiwa inaita), usipoibadilisha, ni milisekunde 120,000. Dakika mbili za kusikiliza mlio ni nyingi mno kwa mteja yeyote.

Muamala si simu nzima. BYE ya kukata simu hufungua muamala wake, na ACK (uthibitisho kwamba jibu la mwisho limefika) ya jibu la 200, yaani simu imepokelewa, husimama peke yake, ilhali ACK ya 486 ni sehemu ya muamala wa INVITE. Kwa hiyo INVITE huwekewa record_route() ili maombi ya baadaye yapitie seva hiyohiyo, na yakifika huelekezwa kwa loose_route(), bila kutafuta tena namba ilikosajiliwa.