Urejeshaji wa kompyuta iliyokwama kwenye apdeti: maana yake na unavyofanyika

Urejeshaji ni kuirudisha kompyuta iliyogoma kuwaka kwenye hali yake ya mwisho iliyokuwa nzima, bila kugusa mafaili ya mwenyewe. Kwenye stationari za Ngamiani, Tanga, mashine ikikwama katikati ya apdeti jibu la kwanza mara nyingi ni "tupige Windows". Hilo ni jibu la haraka mno. Ukipiga Windows upya na kufomati diski, pasipoti saizi za wateja, barua na hesabu za duka vinaondoka vyote. Urejeshaji ndio unaotangulia, na aghalabu hutosha.

Unawezekana kwa sababu apdeti haiingii yote kwa mkupuo. Windows hupakua vifurushi na kuvipanga kwenye folda ya WinSxS, ghala la mafaili ya mfumo, huku wewe ukiendelea na kazi. Hatari ipo pale kompyuta inapojizima na kujiwasha: mafaili ya mfumo hubadilishwa kwa kufuata orodha ya kazi zilizokuwa zikisubiri. Umeme ukikatika hapo na desktopu haina UPS (betri ya akiba), au diski ikajaa, au draiva ya zamani (programu inayoendesha kifaa kama printa) ikagombana na mfumo mpya, orodha hubaki nusu. Ukiwasha tena, Windows hujaribu kurudi nyuma yenyewe na kuandika kwamba inatengua mabadiliko. Iache. Kwenye mashine ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, kazi hiyo inaweza kula saa nzima na zaidi. Maadamu taa ya diski inapepesa, subiri. Kuizima kwa nguvu wakati huo ndiko kunakozidisha uharibifu.

Taa ikiwa imetulia muda mrefu, au mashine inaishia kwenye nembo na kujizima kila mara, ingia kwenye mazingira ya urejeshaji. Hiyo ni Windows ndogo iliyowekwa kwenye patisheni yake, yaani kipande chake cha diski, nje ya C inayobeba Windows kubwa, ndiyo maana huwaka hata ile kubwa ikiharibika. Kwa kawaida huja yenyewe baada ya mashine kushindwa kuwaka mara mbili mfululizo. Isipokuja, washa, nembo ikitokea bana kitufe cha kuwashia sekunde 10 hadi izime, rudia tena, kisha washa mara ya tatu uiache. Kioo cha bluu kikitokea bonyeza "Troubleshoot", halafu "Advanced options".

Hapo inaweza kudai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski, wenye tarakimu 48. Usiogope, na usibahatishe. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine, fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa simu, ulinganishe namba ya utambulisho iliyo kwenye kioo na iliyo kwenye akaunti. Ufunguo ukipotea kabisa, hakuna fundi wa kuyafungua mafaili hayo, awe wa Tanga au wa Dar. Uandike leo kwenye daftari, mashine ikiwa bado nzima.

Sasa chagua "Uninstall Updates". Kuna aina mbili. "Quality update" ni apdeti ya kila mwezi, ambayo Microsoft huitoa Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa mashine iliyokuwa inawaka jana, anza na hiyo. "Feature update" ni toleo jipya zima, na kuiondoa kunategemea folda ya Windows.old, ambayo kwa kawaida hufutwa baada ya siku 10. Usichelewe.

Ikigoma kuondoka, fungua "Command Prompt", kioo cheusi cha kuandikia amri. Herufi za diski huweza kubadilika humo ndani, kwa hiyo andika diskpart, kisha list volume, uone Windows iko kwenye herufi gani, halafu exit. Kama ni C, andika:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Amri hiyo hutengua kazi zilizobaki nusu kwenye ile orodha. Itumie tu kwa mashine isiyowaka. Ikimaliza, funga na uwashe kama kawaida.

Ukiwa kwenye kioo hichohicho cheusi, unaweza pia kuokoa mafaili. Andika notepad, fungua "File" kisha "Open", na pale chini badilisha aina ya mafaili iwe "All Files". Kidirisha hicho sasa kinakuonyesha diski nzima: nenda kwenye folda ya Users, bonyeza kulia juu ya folda unayoitaka, "Copy", kisha hamia kwenye flashi na "Paste". Fanya hivi kabla ya kugusa "Reset this PC", kwa sababu hata ukichagua "Keep my files", programu ulizosakinisha huondoka.

Mazingira haya ya urejeshaji nayo huweza kuugua. Oktoba 2025 apdeti moja ya Windows 11 ilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani yake, na Microsoft ikatoa marekebisho siku chache baadaye. Kwa hali kama hiyo, kibodi ya PS/2, ile ya zamani yenye plagi ya duara, iliyotupwa stoo huwa na thamani kubwa. Flashi ya kuanzia pia husaidia: iwe na GB 8 au zaidi, itengenezwe kwa Media Creation Tool kwenye mashine nyingine, ukizingatia bando, maana inapakua GB kadhaa. Ukiiwasha kwa flashi hiyo, usibonyeze kusakinisha. Tafuta "Repair my PC" (kwenye matoleo ya zamani ni "Repair your computer"), nayo itakufikisha kwenye menyu ileile.

Mashine ikishawaka, kitu cha kwanza ni kusimamisha apdeti kwa wiki moja au mbili kwenye mipangilio ya Windows Update, la sivyo ileile itarudi usiku huohuo. Muda huo utumie kuacha nafasi ya GB 20 kwenye C na kusasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa mashine. Kisha iruhusu apdeti tena, laptopu ikiwa kwenye chaji, desktopu ikiwa kwenye UPS.