Je, wajua ngozi ya mjusi hainywi maji? Basi kwa nini huogeshwa?

Ukifuga mjusi Nairobi, hukosi mtu wa kukushauri umwogeshe kila siku ili ngozi yake inywe maji. Ngozi ya mjusi hainywi maji. Magamba yake yameumbwa kwa keratini, ileile inayounda kucha zetu, na katika tabaka zake mna mafuta yanayozuia maji kupita. Ndiyo sababu pogona, mjusi wa ndevu wa nyika kavu za Australia, huweza kuishi mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha. Hukohuko yuko mjusi wa miiba, Moloch horridus, anayesimama kwenye mchanga wenye unyevu na kukata kiu bila kuinama. Utadhani anakunywa kwa miguu. Kumbe kati ya magamba yake mna vifereji vyembamba mno vinavyoyapandisha maji hadi pembeni mwa kinywa, na hapo huyameza.

Basi beseni lina kazi gani? Kumpa mjusi nafasi ya kunywa, kulainisha gamba kuukuu linalokataa kutoka, na kumsaidia aliyefunga choo. Usafi haumo. Mjusi anayekaa kwenye kizimba kisafi hana uchafu wa kuoshwa, na sabuni haimfai kabisa.

Pogona wengi hawayatambui maji yaliyotulia bakulini, ila matone na maji yanayotikisika huyaona. Mtie kwenye beseni, mdondoshee tone moja moja kwenye ncha ya pua, na mara nyingi ataanza kulamba. Anayehitaji maji utamjua: macho yamezama, ute mdomoni unanata, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi, ambayo ndiyo mkojo wake, imekuwa ya manjano na ngumu.

Kulainisha gamba ndiko kunakookoa viungo. Nyoka mwenye afya huvua gamba lote kwa mkupuo mmoja, lakini mjusi hubambuka vipande vipande. Vya mgongoni huanguka vyenyewe. Vinavyong'ang'ania ni vya vidoleni na kwenye ncha ya mkia. Shika mguu wa nyuma, utazame kidole kimoja kimoja penye mwanga. Ukiona mkanda mweupe, mkavu, umeizunguka pingili, na mbele yake kidole kimevimba, mkanda huo unabana kama uzi uliofungwa kidoleni. Akijivua tena kabla haujatoka, gamba jipya hushikana na la zamani na kuzidi kukaza. Damu haipiti, kidole huwa cheusi, hukauka, kisha hukatika.

Mloweke dakika 15 hadi 20, halafu usugue kwa pamba iliyolowa au mswaki laini wa mtoto, ukielekea kwenye kucha. Usivute gamba likiwa kavu, maana utachana ngozi changa iliyo chini yake. Gamba la karibu na macho liache. Lisilotoka leo lirudie kesho, lakini siku tatu zikipita bila mabadiliko, au kidole kikianza kubadilika rangi, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Kwa aliyefunga choo, maji ya uvuguvugu na kupapaswa tumbo taratibu, kutoka kifuani kuelekea mkiani, mara nyingi hutosha. Pogona wengi hunya majini ndani ya dakika chache. Ila uchunguze pia taa yake ya kumpa joto. Pale anapoota joto pakiwa chini ya nyuzi 38, chakula hakisagiki vizuri na choo kitafunga tena hata umwogeshe mara ngapi. Na miguu ya nyuma ikilegea, usimkande tumbo, wahi daktari.

Linaloharibu mambo zaidi Nairobi ni baridi. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti nyumba nyingi hazipati joto la maana mchana kutwa. Mjusi hutegemea joto la nje, na maji humnyang'anya joto haraka kuliko hewa. Lenga maji ya nyuzi 30 hadi 33. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kikombe 1 cha maji yanayotokota kwa vikombe 5 vya maji ya bomba yenye nyuzi 20 hukupa nyuzi 32. Julai, maji ya bomba yakishuka hadi nyuzi 17, ongeza robo kikombe cha yale ya moto. Changanya na kukoroga kabla mjusi hajaingia, kisha pima kwa kipimajoto. Kama huna, chovya kifundo cha mkono: maji yanayofaa hutayahisi kuwa ya moto wala ya baridi. Yakikupendeza kama ya kuoga wewe, yamezidi. Tumia beseni la plastiki, kwa sababu karai la chuma hupoza maji upesi, na upime tena baada ya dakika saba au nane. Yakipoa, mtoe kwanza ndipo uongeze ya moto.

Kina kisipite mabega yake. Pogona akijikuta kwenye maji marefu hujijaza hewa ili aelee, na wengi hudhani anafurahia kuogelea. Tandika kitambaa chini apate pa kushika kwa kucha, na usimwache peke yake hata kwa kufungua mlango. Mjusi hana kiwambo cha kifua kama chetu, hivyo hawezi kukohoa vizuri ili ayatoe maji yaliyoingia mapafuni. Ndevu zikigeuka nyeusi au akijibana ukutani mwa beseni akitafuta njia, imetosha, mtoe, hata kama ni dakika ya tatu.

Mwogeshe kati ya saa nne na saa sita mchana. Mkaushe kwa taulo, hasa kwapani na chini ya ndevu, umrudishe chini ya taa, na ihakikishwe ana saa mbili au zaidi za kuota joto kabla taa haijazimwa. Stima ikiwa imepotea, ahirisha. Mjusi anayelala akiwa na unyevu na baridi ni rahisi kupata ugonjwa wa mapafu: mapovu puani, sauti ya kukwaruza anapopumua, kichwa akikiinua juu ili apate hewa. Kuachama chini ya taa ya moto ni jambo jingine, hapo anapunguza joto tu.

Pogona mzima mwenye afya hahitaji zaidi ya mara moja kwa wiki, na wiki nyingi hahitaji hata hiyo. Sukuma wiki iliyooshwa na kupewa ikiwa bado inachuruzika humpa maji mengi bila bughudha yoyote. Sukuma ni bora kuliko spinachi, ambayo huifunga kalsiamu asiipate.

Wengine usiwaogeshe kwa ratiba hii. Geko chui, mjusi mwenye madoa kama ya chui, mwekee kopo la plastiki lenye tundu la kuingilia na tishu yenye unyevu ndani, atajilainisha mwenyewe. Kinyonga beseni humtia hofu bure. Yeye hunywa matone majanini, basi mnyunyizie majani ya kizimbani asubuhi na jioni. Na yule kinyonga wa pembe tatu unayemkuta kwenye ua huku Karen au Lang'ata ni mnyamapori anayelindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, hivyo mwache uani.

Mijusi wengi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuugua. Beseni lake lisitumike kwa kazi nyingine, maji yamwagwe chooni wala si kwenye sinki la vyombo, na watoto chini ya miaka 5 wasiyaguse. Lisafishe kwa sabuni kwanza, kisha kwa jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, uache dakika 10, ulisuuze mpaka harufu iishe. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine chochote.