Presha inayotoka juu ya figo

Wagonjwa wengi wa presha hawahitaji kisu. Natanguliza hilo kwa sababu kila nikizungumzia tezi za adrenali, hakosi mtu wa kuniuliza kama naweza kumtoa yake aachane na vidonge.

Tezi hizi ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na haizidi gramu chache. Nyingine huota uvimbe unaomwaga homoni ya aldosteroni: mwili unang'ang'ania chumvi, potasiamu inapotea, presha inagoma hata kwa dawa tatu. Hapo picha ya CT haitoshi. Uvimbe waweza kuonekana kushoto kumbe homoni inatoka kulia, hivyo tunachota damu kwenye vena ya kila tezi. Zikiwa na hatia zote mbili, hatupasui, tunampa mgonjwa spironolaktoni, dawa ya kuizuia homoni hiyo.

Ninayoiogopa ni fiokromositoma, uvimbe mwingine wa tezi hizi, inayomwaga adrenalini na nduguye noradrenalini. Mama mmoja alikuwa akishikwa na kichwa, moyo mbio na jasho la kulowesha kanga, kisha baada ya robo saa, kimya. Nyumbani walishaanza kusema ni majini. Alipopimwa katikati ya hali hiyo, presha ilikuwa 230 kwa 130.

Hatukumpasua wiki hiyo. Kwa siku 14 alimeza doksazosini ya kulegeza mishipa, akanywa maji mengi na, kwa mshangao wake, akaruhusiwa chumvi. Dawa za kutuliza mapigo ya moyo husubiri zamu yake. Zikitangulia, presha inaweza kupaa vibaya.

Tulipita kwenye matundu madogo, njia aliyoieleza daktari wa upasuaji Michel Gagner mwaka 1992. Uvimbe huu ukiuminya tu, presha inaruka, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mwepesi na sikio langu liko kwa daktari wa usingizi anayesoma namba. Nilipofika kwenye vena inayotoa homoni hizo kwenye tezi nikamwambia, "Nafunga." Punde 180 ikawa 80. Akafungulia dripu, akaanza kumpa noradrenalini, ile ile tuliyoipiga vita wiki mbili nzima.

Uvimbe ulilingana na limau. Usiku huo tulimpima sukari mara kwa mara, maana nayo hushuka. Siku hizi anakuja mara moja kwa mwaka kupimwa homoni, na wanawe wawili tumewapima pia, kwani ugonjwa huu mara nyingine hurithiwa.