Mbalamwezi, dagaa na somo la ugavi

Wanafunzi wengi wa uchumi wa kidato cha tano huchora vizuri tu mstari wa ugavi, unaoonyesha kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa kila bei. Waulize kitu gani kinausogeza mstari wenyewe, watakujibu: bei. Ukirudia kuchora ubaoni, kosa linabaki palepale. Kwa mwalimu wa Kigoma, dawa iko mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu; mitumbwi mingi hupumzika. Giza likirudi, mzigo unashuka tena. Hapo bei haikumzuia mvuvi kuingia ziwani, mwezi ndio uliomzuia. Mstari wote umehamia kushoto, yaani samaki wamepungua kwa kila bei, na bei ikafuata kwa kupanda. Bei ikipanda kwa sababu ya wanunuzi wengi na mvuvi akaongeza safari, hilo ni jambo jingine: amepanda juu ya mstari uleule.

Wape daftari. Kwa siku 30 waandike bei ya sado (kopo la kupimia) ya dagaa wakavu na ya fungu la migebuka wabichi, samaki wakubwa kuliko dagaa, pembeni wachore umbo la mwezi. Waulize saa ileile kila siku, na wasimsumbue mama muuzaji kwenye pilika. Watatajiwa bei ya kuwafukuza. Kisha siku moja wabaki sokoni mpaka alasiri. Mwenye migebuka asiye na barafu atashusha bei, maana kesho hana cha kuuza. Mwenye dagaa wakavu atafunga gunia aende zake. Unyumbufu wa ugavi ndio huo: muuzaji anavyoweza kuongeza au kupunguza anachouza bei ikibadilika.

Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wanafunzi wawaulize wazazi: miezi ile mboga nyumbani ilikuwa nini? Aliyejibu maharage ameshaingia kwenye bidhaa mbadala, na huko mstari unaosogea ni wa mahitaji.

Mtihani ni wa Kiingereza, najua. Lakini mama muuzaji hajibu kwa Kiingereza, na istilahi hukaa vizuri kichwani pa mtu aliyekwisha kuelewa jambo.

Mwisho, fungueni taarifa ya mfumuko wa bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hutoka kila mwezi, bure mtandaoni. Iwekeni kando ya daftari. Lazima mmoja ataguna: mbona dagaa wetu walipanda na humu hawaonekani? Kipindi kizima kiishie hapo, kwenye uzito wa kila bidhaa, yaani sehemu yake katika matumizi ya kaya, ndani ya fahirisi ya bei ya nchi nzima.