Kufundisha saikolojia chuo kikuu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Husemwa kwamba saikolojia ni somo jepesi kufundisha kwa kuwa kila mtu anawajua watu. Ugumu wake unatoka hapohapo. Mwanafunzi wa kemia haingii darasani na msimamo kuhusu elektroni. Wa saikolojia huja na majibu tayari, nayo si sahihi: tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, kumbukumbu huhifadhi tukio kama lilivyotokea, shahidi mwenye uhakika hakosei.

Dhana: ukweli ukielezwa vizuri, uongo utaondoka wenyewe.

Hauondoki. Mwanafunzi huandika jibu sahihi kwenye mtihani, kisha huirudia imani yake ileile. Mwaka 2009 Kowalski na Taylor walionyesha kuwa wanafunzi wa kozi ya utangulizi waliacha dhana potofu zaidi pale mhadhiri alipozitaja waziwazi na kuzibomoa kwa ushahidi, kuliko alipoeleza ukweli peke yake. Basi anza mada kwa kuwauliza wanaamini nini, waandike na sababu, ndipo ulete ushahidi. Inakula muda, na mada nyingine zitabaki nje ya muhula. Naona afadhali zibaki.

Dhana: kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, wa macho, masikio au vitendo.

Kupendelea kupo. Lakini Pashler na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda humfanya ajifunze zaidi. Inauma kusikia dhana hii ikitoka kwa wahadhiri wa saikolojia wenyewe.

Dhana: majaribio ya darasani hupima tu; kujifunza ni kusoma.

Katika utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006, kundi moja lilisoma kifungu mara nne; jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40, wenzao 61. Ndiyo maana anayepitia daftari usiku wa kuamkia mtihani hujiona ameiva. Majaribio mafupi ya kila wiki, hata yasiyo na alama, ni sehemu ya ufundishaji.

Dhana: visa maarufu vya vitabuni havina shaka.

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kitty Genovese aliuawa New York mwaka 1964, na vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Manning, Levine na Collins walichunguza kumbukumbu za kesi mwaka 2007, wasione ushahidi wa mashahidi 38 waliotazama tu. Sehemu ya mwisho ya shambulio ilitokea ndani ya jengo, wengi wasipoweza kuiona. Hata hivyo majaribio ya Darley na Latané ya 1968, yaliyochochewa na kisa hicho, yalionyesha kweli kwamba mtu anayedhani wapo wengine hukawia kusaidia. Fundisha vyote viwili.

Wapo wanaohofu kwamba mambo kama haya yatawavunja moyo wanafunzi, hasa wakisikia kuwa, kwa ripoti ya mwaka 2015, tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa na takriban asilimia 36 tu ndizo zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Waambie tangu mwaka wa kwanza, kisha wape jaribio dogo walirudie wenyewe, na alama zitokane na uangalifu wao, si na matokeo waliyoyapata.