Shokapu Ngumu si Lazima Iwe Shokapu Nzuri

Wiki hii nimeletewa pikipiki ya tatu yenye tatizo lile lile. Ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ambayo mwenyewe aliachiwa na marehemu baba yake. Alinunua Kariakoo shokapu za nyuma za bodaboda kwa sababu moja tu: alipozikandamiza kwa mikono dukani, hazikubonyea. Aliambiwa kwamba shokapu ngumu ndiyo imara. Kauli hii nimechoka kuisikia.

Springi hubeba uzito, na mafuta yanayopenya kwenye vitundu vya pistoni huituliza isiendelee kurukaruka. Kwa hiyo pikipiki inayodunda mara tatu au nne baada ya kuvuka tuta, kwa kawaida tatizo lake ni mafuta yaliyovuja au kuchakaa, wala si springi. Ukiifungia springi ngumu zaidi bila mafuta yenye uwezo wa kuituliza, itakurusha kwa nguvu zaidi, na tairi likiwa hewani halishiki barabara wala breki haina kazi.

Kinachonikera kuliko yote ni ile ringi yenye ngazi iliyo chini ya springi. Watu huizungusha hadi ngazi ya mwisho wakiamini kwamba wameifanya springi kuwa ngumu. Springi ya kawaida inayohitaji kilo 20 ili ifupike milimita 10 itaendelea kudai kilo 20 nyingine kwa kila milimita 10 zinazofuata, ringi iwe juu au chini. Mkono unahisi ugumu kwa sababu springi imekwisha kukandamizwa kabla, na haitaanza kufupika mpaka nguvu yako ipite mkazo huo. Kinachobadilika ni kimo cha pikipiki ikiwa imebeba uzito. Ukikaza kupita kiasi, gurudumu halibakiwi na nafasi ya kushuka, hivyo linapofika kwenye shimo linaning'inia badala ya kulifuata. Ugumu wenyewe unatokana na unene wa waya na idadi ya mizunguko: waya ukiongezeka kutoka milimita 7 hadi 8, mengine yote yakibaki vile vile, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 70. Na anayekata mizunguko ili kulainisha springi anaifanya kuwa ngumu zaidi.

Urefu hupimwa kutoka katikati ya tundu la boliti la juu hadi katikati ya lile la chini. Shokapu ikizidi kwa milimita 20, mkia unapanda, shokapu za mbele zinasimama wima zaidi na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza ukiwa kwenye mwendo. Ikipungua, tairi linaweza kugusa madigadi. Bushi na boliti zilingane, hilo halihitaji maelezo. Lakini hata zikilingana, shokapu ya pikipiki nyingine ilichaguliwa kwa uzito wa pikipiki hiyo na kwa mlalo wake, yaani jinsi shokapu inavyoinama ikifungwa humo, na mlalo ukibadilika, springi ile ile inabeba kwa namna tofauti.

Mimi hupima umbali kutoka ekseli hadi kwenye fremu gurudumu likining'inia, kisha mwendeshaji akiwa ameketi. Tofauti ikikaribia theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka, ninaridhika. Hata hivyo, kanuni hiyo haijawahi kunitosheleza pikipiki inapobeba abiria, kwa sababu hizi za zamani zina mwendo mfupi, na springi inayomfaa mtu mmoja huzama mno kwa wawili. Huwa ninauliza nani atapanda mara nyingi zaidi, ninachagua, na mara kadhaa nimelazimika kubadilisha baada ya kuijaribu barabarani.

Yule wa CG125 alikuwa bado ana shokapu za zamani, zikiwa zimeshika kutu chini ya kitanda, na ndizo zilizotupatia urefu sahihi. Tafadhali, usimpe zako mnunuzi wa vyuma chakavu kabla hujazipima.